Boston wauza nyota, New York wachambua

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025, katika besiboli ya Marekani, Boston Red Sox waliwafunga watani wao New York Yankees 2–0 katika uwanja wa Fenway Park. Ilikuwa mechi ya tatu katika siku tatu, na zote tatu wamezichukua Boston. Pointi moja ilitoka kwenye gongo la Rafael Devers, aliyeupiga mpira wa Max Fried ukavuka ukuta. Watu walitoka uwanjani wakishangilia. Kabla jioni haijaisha, habari ikatoka: Devers hayupo tena, amepelekwa San Francisco Giants.

Ukitaka kuupima uzito wa habari hiyo, waulize wa New York kabla ya kuwauliza wa Boston. Agosti 2017 Devers alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Jamhuri ya Dominika, hajamaliza hata mwezi mmoja katika ligi kuu. Zamu ya 9, ambayo kwa kawaida ni ya mwisho, Yankees wakiwa kwao na wakiongoza, alisimama mbele ya Aroldis Chapman, mrushaji aliyetisha ligi nzima kwa kasi yake. Chapman akaachia mpira wa takriban kilomita 165 kwa saa. Kijana akaupiga nje. Mechi ikawa sare, na Boston wakaimaliza 3–2 katika zamu ya 10.

Baada ya Chapman ikawa zamu ya Gerrit Cole, mrushaji tegemeo wa Yankees na mshindi wa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya mwaka 2023. Devers alimvushia mipira 8 kwa miaka ile waliyokutana katika ligi. Septemba 14, 2024 Cole akachoka. Yankees walikuwa wanaongoza 1–0 katika zamu ya 4, hakuna mtu kwenye besi hata moja, na Devers akaja kusimama kupiga. Cole akainua vidole vinne kumwashiria mwamuzi: mpe besi ya kwanza bure, simrushii. Kumpa mtu besi bure ni mbinu ya siku zote pale wenzake wanapokuwa tayari wako njiani na hatari ni kubwa. Kumpa wakati besi ziko tupu, mapema namna ile, ni kukiri mbele ya mashabiki wako wote kwamba humuwezi. Devers akaiba besi ya pili, mwenzake akapiga akamleta nyumbani, Boston wakavuna pointi 3 katika zamu hiyo na kuondoka na ushindi wa 7–1.

Huyo ndiye aliyeondoka. Ameenda pwani ya pili ya Marekani, kwenye National League, nusu nyingine ya ligi kuu, ambako Yankees watakutana naye mara chache sana. New York walishusha pumzi. Lakini furaha ile haikukaa muda mrefu kabla ya kugeuka mjadala, na mjadala huo ndio ulionifanya niandike makala haya. Mashabiki wa Yankees waliacha kumshangaa Devers, wakaanza kuwachambua waliomtoa: ni ofisi ya namna gani inayomtoa mpigaji wake bora akiwa na miaka 28, mkataba wake ukiwa umeanza juzi tu, saa chache baada ya kuwafunga watani?

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Shabiki wa Yanga anajua nani amekosea usajili Msimbazi, nani amegombana na kocha na nani hajalipwa, na mara nyingi anajua kabla ya mwanachama wa Simba hajakubali kuamini. Shabiki wa Simba naye anaijua Jangwani hivyo hivyo. Utani wa jadi una faida hiyo: mtani hana sababu ya kumfichia mtu aibu. Mwenye timu yake ana imani, ana matumaini ya msimu ujao, ana mchezaji anayempenda. Mtani anaangalia majina, mikataba na matokeo.

Naam, besiboli si mchezo wetu wa kila siku, ingawa si mgeni kabisa. Vijana wa Azania Sekondari pale Dar es Salaam wanaucheza, na uwanja wao ulijengwa kwa msaada wa Japani. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za watoto za Little League. Anayetaka kufuatilia Fenway akiwa Afrika Mashariki hukesha, kwani mechi ya saa moja jioni Boston inaanza saa nane usiku kwetu. Lakini ndani ya mgogoro huu wa Boston kuna mtu ambaye maelfu ya wapenzi wa soka hapa kwetu wanaishi chini ya maamuzi yake bila kumfikiria, na nitamfikia.

Kwanza mgogoro wenyewe. Januari 2023 Red Sox walimsainisha Devers nyongeza ya miaka 10 kwa dola milioni 313.5, mkataba mkubwa kuliko wowote katika historia ya klabu. Alikuwa mlinzi wa besi ya tatu. Ulinzi wake haukuwa mzuri, kila mtu anajua hilo, lakini gongo lake lilifunika mengi. Februari 2025 klabu ikamleta Alex Bregman kutoka Houston kwa dola milioni 120 za miaka 3. Bregman naye ni mtu wa besi ya tatu, na anailinda vizuri zaidi. Devers alipofika kambini alisema wazi kwamba besi ya tatu ni yake. Baadaye akalegeza msimamo, akakubali kuwa mpigaji maalumu, yaani yule anayepiga tu bila kukaa ulinzini. Akaanza msimu vibaya, kisha akawaka.

Mei 2 Triston Casas, mlinzi wa besi ya kwanza, akakatika kano ya goti na msimu wake ukaishia hapo. Ofisi ikarudi kwa Devers: jifunze besi ya kwanza. Akakataa, na hakukatalia chumbani. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba miezi michache nyuma aliambiwa aweke glovu kando, na sasa kazi ya ofisi ni kutafuta mchezaji mwingine. John Henry, mmiliki mkuu wa klabu, alipanda ndege hadi Kansas City ambako timu ilikuwa inacheza, akaketi na mchezaji wake. Haikusaidia. Wiki tano baadaye Devers akawa mtu wa San Francisco.

Huko New York mjadala uligawanyika, na kila kambi ilikuwa na hoja. Wa kwanza wakasema mchezaji ndiye mkosaji: mtu anayelipwa zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka, mwenzake ameumia, timu inamhitaji, anakataaje hata kujaribu? Wakamtaja Alex Rodriguez, aliyekuja Yankees mwaka 2004 akiwa mlinzi wa kati bora kuliko wote, akakubali kuhamia besi ya tatu kwa sababu Derek Jeter alikuwa tayari yuko katikati. Ni mfano mzuri, na naukubali nusu. Rodriguez aliambiwa kabla hajafika. Alijua anaingia nyumba ya nani na atalala chumba gani.

Devers hakuambiwa hivyo, na hapa ndipo kambi ya pili ya New York ilipopata nguvu. Alisaini chini ya Chaim Bloom, mkuu wa ofisi wakati huo, ambaye alimhesabu kuwa mtu wa besi ya tatu. Bloom akafukuzwa mwaka huohuo. Akaja Craig Breslow, mrushaji wa zamani aliyesoma Yale, mtu wa takwimu na maabara za urushaji. Breslow alikuwa na haki ya kumleta Bregman; timu ikawa bora kwa kumleta. Lakini mtu uliyemwekea miaka 10 na dola milioni 313.5 hapaswi kujifunza kuhusu nafasi yake kwa kuona mwenzake anapokelewa. Miezi michache baadaye unamwendea tena kumwomba kitu cha tatu. Sisemi Devers alijibu vizuri. Nasema ofisi ilikuwa imetumia akiba yote ya imani kabla haijafika kuomba msaada wa kweli.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu watani hawakuanzia kwa Devers. Walianzia Februari 2020, na wako sahihi.

Mookie Betts alichaguliwa na Boston mwaka 2011 katika raundi ya 5, akiwa bado kijana wa shule kutoka Tennessee. Alikua ndani ya klabu. Mwaka 2018 alipiga kwa wastani wa .346, akavusha mipira 32, akaiba besi 30, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa American League, na Red Sox wakachukua ubingwa wakiwa wameshinda mechi 108 kati ya 162 za msimu. Mchezaji wa namna hiyo, akiwa amelelewa nyumbani, hutokea mara moja katika kizazi. Tarehe 10 Februari 2020 Boston walimpeleka Los Angeles Dodgers, pamoja na mrushaji David Price na nusu ya mshahara wa Price uliobaki. Wakapokea Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong.

Ili kuelewa kwa nini, lazima ujue sheria za mchezo huu nje ya uwanja. Kwetu mchezaji akitakiwa na klabu nyingine, hata klabu zikielewana, bado yeye mwenyewe lazima akubali masilahi na asaini. Katika besiboli ya Marekani klabu mbili zikikubaliana mchezaji anahama na mkataba wake uleule, atake asitake. Anayeweza kukataa ni yule mwenye kipengele hicho katika mkataba, au aliyetimiza miaka 10 katika ligi kuu na 5 ya mwisho akiwa na klabu moja. Hata haki hiyo ilipatikana kwa jasho. Desemba 1969 Curt Flood wa St. Louis aliandika barua kwa kamishna wa ligi kukataa kupelekwa Philadelphia, akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu, akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 3 mwaka 1972, na maisha yake ya uchezaji yakaishia humo. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz aliamua kesi nyingine kwa namna iliyowafungulia wachezaji mlango wa kuwa huru. Leo mchezaji akimaliza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu anakuwa huru kwenda kwa amtakaye.

Betts angekuwa huru mwishoni mwa msimu wa 2020. Ofisi ilikuwa na njia tatu: imlipe thamani yake, imwache aondoke bure, au imtoe mapema ipate chochote. Juu ya hayo kuna kodi ya anasa. Ligi haina kikomo kamili cha mishahara, lakini klabu ikivuka kiwango fulani hutozwa kodi, na ikirudia mwaka baada ya mwaka kodi hupanda. Boston walivuka mwaka 2018 na 2019. Henry akasema waziwazi kwamba mwaka 2020 lazima washuke. Basi Bloom, aliyekuwa ameajiriwa Oktoba 2019 kutoka Tampa Bay Rays, klabu maarufu kwa kubana matumizi, akapewa kisu na kuambiwa pa kukata.

Julai 2020 Dodgers walimpa Betts miaka 12 kwa dola milioni 365. Oktoba mwaka huohuo wakawa mabingwa. Wakawa mabingwa tena 2024, na tena 2025. Downs aliachwa na Boston mwishoni mwa 2022 bila kuacha alama. Wong ni mdakaji wa kawaida. Verdugo alicheza misimu minne, hakuwa mbaya, kisha Desemba 2023 akapelekwa, kati ya klabu zote duniani, Yankees.

Kinachofuata sihitaji kukipamba. Tarehe 30 Oktoba 2024, mechi ya 5 ya fainali, uwanja wa Yankees, Bronx. Dodgers wanaongoza 7–6 katika zamu ya 9 na wamebakisha mtu mmoja kuwa mabingwa. Anayerusha ni Walker Buehler, ambaye si kazi yake kufunga mechi. Ametolewa benchi usiku ule kwa sababu waliobaki wamekwisha. Anayekuja kupiga ni Alex Verdugo. Buehler anampa mpira unaopinda na kuzama chini. Verdugo anazungusha gongo, linapita hewani. Buehler anasimama ametanua mikono, wenzake wanamkimbilia, na Mookie Betts yumo kati yao. Mtu aliyetolewa na Boston anasherehekea ubingwa mbele ya mtu aliyepokelewa na Boston kwa ajili yake, ambaye sasa amevaa jezi ya mtani wao na ndiye aliyepoteza mpigo wa mwisho.

Mashabiki wa Yankees walilala na uchungu usiku ule, lakini hata wao waliona. Wengi wao wamekuwa wakisema tangu mwanzo: Boston walipomtoa Betts hawakumtoa kwa sababu ya mchezo, walimtoa kwa sababu ya hesabu, na klabu inayojaza Fenway haikuwa masikini kiasi hicho.

Wakati Boston wanabishana kuhusu nani aliyeketi kwenye kiti, New York wanauliza nani mwenye kiti. Angalia foleni. Theo Epstein aliingia mwaka 2002 akiwa na miaka 28, akavunja ukame wa miaka 86 kwa ubingwa wa 2004, akaongeza wa 2007, akaondoka 2011. Ben Cherington akachukua ubingwa wa 2013, na Agosti 2015 akawa nje. Dave Dombrowski akaja akajenga kikosi cha mechi 108 na ubingwa wa 2018; Septemba 2019, hata mwaka haujaisha tangu kombe lile, akafukuzwa. Bloom akapewa kazi ya kubana, akabana, timu ikashika mkia wa kundi lake mwaka 2020, 2022 na 2023, akafukuzwa tarehe 14 Septemba 2023, siku ambayo Yankees walikuwa hapohapo Fenway kucheza mechi mbili. Na Breslow ndiye aliyesimama mbele ya kamera kueleza kuondoka kwa Devers. Watano hao wana tabia tofauti kabisa: wapo waliotumia kama hakuna kesho na wapo waliohesabu senti. Hata hivyo safari zao zinafanana kupita kiasi. Yule aliyewaajiri wote ni mmoja.

John Henry na wenzake waliinunua Red Sox mwaka 2002. Kampuni yao, Fenway Sports Group, ndiyo iliyoinunua Liverpool Oktoba 2010 kwa pauni milioni 300. Wewe unayevaa jezi nyekundu Mombasa, Mwanza au Bujumbura siku za Jumamosi, mmiliki wako na mmiliki wa klabu iliyomtoa Devers ni mtu mmoja. Na unaijua tabia ya nyumba hiyo: hawatapanyi, wanaamini takwimu, wanakataa kulipa zaidi ya bei waliyojiwekea, na mara nyingi wako sahihi. Liverpool walipata Ligi ya Mabingwa 2019 na Ligi Kuu 2020 na 2025 kwa njia hiyo. Boston walipata makombe manne chini yao baada ya miaka 86 bila hata moja. Mtu asiyeyataja hayo hatendi haki, na watani wenyewe huyataja, kwa sababu makombe hayo yaliwauma. La 2004 lilipita juu ya miili yao: Yankees waliongoza 3–0 katika nusu fainali, wakapoteza mechi nne mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa timu nyingine yoyote katika historia ya ligi kuu ya Marekani.

Lakini makombe hayafuti swali. Tangu 2020 nyota waliolelewa nyumbani wamekuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine. Betts 2020. Xander Bogaerts, Desemba 2022, kwenda San Diego kwa miaka 11 na dola milioni 280. Devers, yule pekee waliyemlipa, 2025. Chris Sale, ambaye hakulelewa pale lakini ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa ubingwa wa 2018, walimpeleka Atlanta Desemba 2023 na sehemu ya mshahara wake juu. Msimu uliofuata Sale akachukua tuzo ya Cy Young ya National League. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una maelezo. Ukiyaweka maamuzi yote pamoja unaona tabia ya nyumba, na tabia ya nyumba huwekwa na mwenye nyumba.

Watetezi wa Breslow wana la kusema, na nitalisema kwa niaba yao kwa sababu ni kweli. Siku Devers anaondoka Red Sox walikuwa na ushindi 37 na vipigo 36. Breslow alisema kuna uwezekano wa kweli timu ikashinda mechi nyingi zaidi bila yeye. Wengi waliliona neno hilo kuwa dharau. Kuanzia hapo Boston walishinda 52 na kupoteza 37, wakamaliza na ushindi 89 na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2021. Fedha nazo hazikufungiwa kabatini: mrushaji Garrett Crochet alikuwa ameshapewa miaka 6 kwa dola milioni 170, na Agosti 2025 kijana Roman Anthony akapewa miaka 8 kwa dola milioni 130. Chumba cha kubadilishia nguo kilitulia. Hoja hiyo ina uzito.

Mizani inapinda ukiangalia walichopokea kwa Devers. Mrushaji Jordan Hicks alifika akiwa majeruhi na aliporudi alipigwa vibaya. Kyle Harrison alipelekwa kikosi cha akiba cha Worcester hadi Septemba. James Tibbs hakuvaa hata mara moja jezi ya Boston ya ligi kuu. Wiki sita baadaye alipelekwa Dodgers kumpata mrushaji Dustin May, ambaye aliumia na mkataba wake ukaisha msimu ulipoisha. Jose Bello alikuwa bado kijana wa madaraja ya chini kabisa. Wakati huohuo, siku sita tu baada ya kuondoka, Devers alikutana na Boston huko San Francisco na kuwavushia mpira, Giants wakashinda 3–2. Na kuanzia Julai akaanza kulinda besi ya kwanza, ileile aliyoikataa Boston. Kuna waliosema hilo linathibitisha kwamba alikuwa mkaidi. Mimi naona linathibitisha kwamba aliyemwomba safari hii alimwomba vizuri.

Tuwageukie na hawa wachambuzi wa New York, maana Boston nao wanawasoma. Shabiki wa Red Sox atakuambia kwamba Brian Cashman ni meneja mkuu wa Yankees tangu Februari 1998, na kwamba ubingwa wa mwisho wa klabu hiyo ni wa 2009. Atakukumbusha zamu ya 5 ya mechi ileile ya Oktoba 30, 2024, Yankees wakiongoza 5–0: Aaron Judge anadondosha mpira mwepesi, Anthony Volpe anarusha ovyo kwenda besi ya tatu, kisha Betts anapiga mpira dhaifu kuelekea besi ya kwanza na Cole hakimbii kuilinda. Pointi 5 zikaingia. Boston wanasema hayo si bahati mbaya. Ni kikosi kilichojengwa kwa magongo makubwa bila kujali ulinzi na misingi, na aliyekijenga yupo palepale. Wanasema pia kwamba mpigaji Juan Soto alikaa Bronx msimu mmoja tu kisha akavuka mto kwenda Mets, klabu nyingine ya New York, kwa dola milioni 765. Yankees walikaribia kabisa dau hilo, na bado akaondoka.

Ukiyasikiliza mabishano ya pande zote mbili unagundua kwamba kila upande una macho makali kwa ng'ambo. Wa New York wanasema Boston hubadilisha watu mno ili mmiliki asiulizwe. Wa Boston wanasema New York haibadilishi mtu ili mmiliki asisumbuke. Naamini wote wawili wanasema kweli, na naamini wangefaidika kama kila mmoja angeyachukua maneno ya mtani na kuyapeleka kwenye mlango wa klabu yake.

Mtoano wa 2025 ukawakutanisha katika raundi ya kwanza, mechi tatu, zote Bronx. Boston wakachukua ya kwanza 3–1 kwa mkono wa Crochet. Yankees wakasawazisha 4–3. Mechi ya tatu, tarehe 2 Oktoba, Yankees wakamkabidhi mpira Cam Schlittler, kijana wa miaka 24 katika msimu wake wa kwanza, mwenyeji wa Walpole, Massachusetts, aliyesoma chuo Boston kwenyewe. Alirusha zamu 8 bila kuruhusu pointi, akawatoa wapigaji 12 kwa mapigo matatu, hakumpa mtu hata mmoja besi ya bure. Yankees 4, Red Sox 0. Roman Anthony wa Boston alikuwa majeruhi, nje ya kikosi. Katika mechi mbili za mwisho Boston walipata pointi 3 tu.

Pointi 3 katika mechi mbili. Timu iliyomtoa mpigaji wake bora mwezi Juni ilitoka mashindanoni Oktoba kwa kukosa mpigaji. Yankees nao walitolewa na Toronto raundi iliyofuata, kwa hiyo hawana kombe la kuringia. Mwezi uliofuata Bregman alitumia kipengele cha mkataba wake akajiondoa, na Boston wakawa hawana Devers wala yule aliyeletwa kuchukua nafasi yake.

Hukumu yangu ni hii. Devers alistahili kukemewa kwa kukataa besi ya kwanza, na Breslow alistahili kukemewa kwa namna alivyomwendea. Lakini uamuzi wa Juni 2025 ulizaliwa Februari 2020, na wakati huo Breslow hakuwepo. John Henry hakuketi mbele ya waandishi kueleza kuondoka kwa Devers; walioketi ni Breslow na mtendaji mkuu Sam Kennedy. Watu wa Boston wanaolipa tiketi ghali katika uwanja uliojengwa mwaka 1912 wana haki ya kumsikia mwenye klabu akijibu mwenyewe. Na nyinyi wa Liverpool huku kwetu, siku mchezaji mliyemlea akifikisha miaka yake ya mwisho ya mkataba na mkasikia neno "hesabu", muulizeni mwenye hesabu, msimmalize kocha.